Mimi, Bi Hariri na Chumba cha Nyuma

Alhamisi, tarehe 6 Agosti

Tumefika. Msitu, mto, baridi. Mtu ana nyumba ya matofali, ana kitanda cha miguu minne, halafu anaomba likizo kazini ili aje kulala chini kama mbuzi. Ndiye mkwe wangu huyo, mume wa binti yangu. Njia nzima aliiuliza simu barabara, na simu ikatupeleka kwenye machimbo ya kokoto. Nilimwambia ageuze hata kabla hajapotea. Hakusikia.

Mimi sikuja kula upepo. Nimekuja kutafuta chumba.

Iko hivi. Binti na mumewe wamehamia nyumba mpya, na huko nyuma kuna chumba cha ziada. Dirisha linatazama bustani. Wiki iliyopita nilimsikia binti akimwambia rafiki yake kwenye simu kwamba tukirudi kutoka mlimani watakuwa wameshaamua mama yupi wamchukue akaishi nao, wake au wa mumewe. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nyuma ya mlango tu.

Kwa hiyo hii si likizo, ni usaili. Na mshindani wangu ameshuka garini amevaa hariri. Msituni. Hariri ya zambarau, na kibegi cha magurudumu kinachokwama kwenye kila mzizi. Humu nitamwita Bi Hariri. Usoni namwita mzazi mwenzangu, maana ndiye aliyemzaa mkwe wangu, na wazazi wa pande mbili hawatupiani maneno. Tunachekeana. Mashavu yameshaanza kuniuma.

Nimepiga hesabu zangu. Nyumba ina mtoto wa miaka saba, baba na mama wote wanashinda kazini. Wanataka nini? Mtu mwenye nguvu. Mtu wa kushika nyumba. Basi kila kazi hapa nitaifanya mimi, na Bi Hariri nitamkalisha chini aonekane gofu.

Nikamfungulia kiti cha kukunja. Nikamwambia keti mzazi mwenzangu, safari imekuchosha. Nilitegemea abishe kidogo. Akaketi. Akaniombea na baraka juu. Rahisi hivyo.

Tumepangwa hema moja, mimi na yeye. Nimelisimamisha peke yangu. Mkwe alinipa karatasi ya maelekezo, nikamrudishia. Niliishia darasa la nne, lakini kitambaa na fimbo havijanishinda. Nilipomaliza zilibaki fimbo mbili. Wenye viwanda wanapenda kuzidisha. Mkwe akasema kwa upole kwamba hema limelala upande. Nikamwambia linaupisha upepo.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti

Hema limetuangukia alfajiri. Nilipiga yowe moja, la kuwaamsha wengine tu. Bi Hariri akasema kutoka chini ya kitambaa kwamba hivi ndivyo kuna joto zaidi. Mwanamke huyu hata kuangukiwa anaangukiwa kwa adabu.

Sikutetereka. Nikachukua ndoo, nikashuka mtoni, nikapanda na maji kichwani. Safari ya tatu mlinzi wa kambi akanisimamisha. Mzee mkavu, kofia ya sufu, mikono mfukoni. Akasema mama, mbona unajitesa, bomba liko pale nyuma ya vyoo. Nikamwambia maji ya bomba yamekufa. Akaniuliza yamekufa kwa ugonjwa gani. Wako watu hawana kazi.

Nikaazima shoka lake nikatafute kuni. Kando ya mto nikakuta magogo makavu yamepangwa duara, kama niliyewekewa. Nilikuwa nimepasua mawili mlinzi alipokuja mbio, kofia mkononi. Kumbe ndiyo viti vya wageni, vya kukalia wakiota moto. Nikamuuliza, tangu lini watu wakakalia kuni? Mkwe aliomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima, kichwa chini kama aliyefumaniwa. Binti akasema, "Mama." Neno hilo moja tu. Lakini nilimwona anavyoyatazama yale magogo. Ameona nguvu za mama yake.

Bi Hariri je? Kitini. Amemenya kiazi kimoja tangu asubuhi, mjukuu wetu amemlalia magotini, anahadithiwa. Nikampelekea blanketi. Nikampelekea mto wa kuegemea. Nikampelekea chai, nikamkorogea mwenyewe, mbele ya binti, nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba kijiko kisije kikamchosha mkono. Akapokea kila kitu. Asante mzazi mwenzangu, Mungu akuzidishie.

Pokea tu, mama. Pokea. Kila kikombe ni kigingi kimoja kinang'oka kwenye hema lako.

Mgongo unaniuma mpaka kwenye kucha. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, tarehe 8 Agosti

Leo maporomoko ya maji. Mkwe alisema ni mwendo mfupi, wazee wanaweza kubaki. Nikamuuliza wazee gani. Bi Hariri akasema yeye atabaki. Safi.

Nilibeba kapu la chakula, nikatangulia mbele. Mkwe akawa anasema njia inakwenda kushoto. Mimi nikaona kulia pana wazi, na ukisikiliza vizuri unasikia maji. Tukafuata maji. Tukakata vichaka, tukavuka mawe yenye utelezi, nikamshika mkono mkwe asianguke, akaanguka hivyo hivyo. Tulipotokeza mahali peupe tukakuta yale maji ni ya bomba lililoachwa wazi nyuma ya vyoo vya kambi yetu wenyewe. Mlinzi alikuwa analifunga. Akaniuliza kama yamefufuka.

Maporomoko hatukuyaona. Mjukuu alilia. Nikamwambia maji ni maji.

Sasa sikia balaa. Mchana nilikuwa nyuma ya gari nasugua sufuria. Binti na mumewe walikuwa mbele, wanaongea kwa sauti ya chini, na sauti ya chini mimi naisikia kuliko ya juu. Binti akasema, namwonea huruma mama yako. Tangu juzi hajainuka kitini bila kushikwa, hata chai anakorogewa. Peke yake kule kwake anaishije? Mumewe akasema, na wako je? Binti akacheka. Wangu? Wangu ni trekta. Amepasua samani za watu kwa shoka. Wangu atatuzika sote. Tumchukue wako.

Sufuria ilinidondoka, ikabingirika mpaka mtoni, nikaitazama inakwenda na maji na sikuikimbilia.

Trekta. Mimi niliyemlea kwa mkono mmoja.

Kumbe hawatafuti mwenye nguvu, wanatafuta wa kuhurumiwa. Na mimi siku zote hizi nimekuwa nambeba yule mwanamke kwa mikono yangu, kikombe kwa kikombe, nampeleka kwenye chumba cha nyuma, na blanketi nimemfunika.

Sasa mimi nitarudi kwangu. Kwangu ukidondosha kijiko jioni, unakisikia kinalia mpaka kesho yake. Hilo silalamiki. Naeleza tu.

Nilipofika kwenye chakula cha jioni nilikuwa nachechemea.

Jumapili, tarehe 9 Agosti

Leo naumwa.

Sikutoka hemani. Nikaguna guno refu, nikapumzika, nikaguna tena. Binti akaja mbio. Nikamwambia usijali mwanangu, ni uzee tu, ndiyo njia ya wote. Nikauonyesha mguu. Mjukuu akauliza mbona jana bibi alichechemea ule mwingine. Mtoto huyu anakosa malezi, na hiyo ndiyo sababu nyingine ninahitajika pale nyumbani.

Halafu nikaona kitu. Bi Hariri akainuka kitini. Hakushikwa na mtu. Akakunja mikono ya hariri, akapika chai, akachota maji bombani, akakaanga mayai bila kuvunja kiini hata kimoja. Akasoma ile karatasi ya maelekezo, akazichomeka zile fimbo mbili, na hema likasimama wima mimi nikiwa ndani yake. Nikamsikia anamwambia binti kwamba hakuwa amechoka hata kidogo. Alikaa tu kwa sababu aliona mzazi mwenzake ana hamu ya kusaidia, akaona vibaya kumnyima.

Vibaya kumnyima! Siku tatu ananitazama nabeba ndoo kwa sababu ya adabu.

Lakini nikawaza, vizuri. Sasa yeye ndiye trekta. Ongeza moto kidogo, chumba changu.

Nikaanza kusahau. Nikamwita binti kwa jina la marehemu dada yangu. Nikamuuliza mkwe kama yeye ndiye fundi aliyekuja kutazama bomba. Nikauliza huu mto umehamia hapa lini. Nilikuwa naenda vizuri sana. Nikamgeukia binti nione imemwingia kiasi gani, nikakuta anajifuta macho kwa upande wa khanga yangu.

Hilo sikulipenda. Nilitaka ahuzunike, lakini huzuni ya kiasi, ya kumtosha mtu kutoa chumba. Nusura niseme. Kisha nikakumbuka lile neno trekta.

Mchana nikajikokota mpaka mtoni nikazimie palepale, karibu na watu. Nilichagua jiwe zuri la kuangukia. Jiwe likanikataa. Maji ya mto huu yanatoka moja kwa moja kwenye barafu ya juu, na matusi niliyoyatoa mle ndani hayakuwa ya mtu aliyezimia, ila namshukuru Mungu mto una kelele. Mlinzi alinivuta kwa kola. Akanipakia kwenye toroli lake la takataka, akanisukuma kambi nzima, watu wanatoka mahemani kutazama. Njiani akaniinamia akaniambia polepole kwamba ameona wagonjwa wengi maishani, ila hajaona mgonjwa anayechagua jiwe.

Nikafumba macho. Mgonjwa hajibu.

Bi Hariri alinivua nguo zilizolowa, akanikausha, akanivisha gauni lake. La hariri. Akanilisha uji kwa kijiko mbele ya wote, na kabla ya kila kijiko anapuliza. Niliumeza wote. Ulikuwa mzuri, na hilo ndilo lililoniudhi.

Jumatatu, tarehe 10 Agosti

Asubuhi tumekaa kikao, kabla ya kufunga mizigo. Mimi nimewekwa kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini. Binti macho mekundu. Akasema wamezungumza usiku na wameona jambo moja: mama hawezi tena kukaa peke yake.

Nikaliona lile dirisha. Nikaona na pazia nitakaloweka.

Akaendelea. Lakini nyumba yao kutwa haina mtu. Wao kazini, mtoto shuleni. Mgonjwa wa kusahau atabaki na nani? Dada mmoja kazini kwake alimhamisha mama yake wa namna hiyo, na yule mama akawa anapotea kila wiki, anatafuta nyumba yake ya zamani. Mtu wa hivyo haondolewi kwenye nyumba anayoijua. Anatafutiwa mwenzake, abaki hapo hapo kwake.

Nikauliza mwenzake gani, kwa sauti nzima, nikakumbuka, nikauliza tena kwa sauti ya mgonjwa.

Bi Hariri akanishika mkono. Akasema atahamia kwangu yeye. Amefurahi, amejitolea mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Kile chumba cha nyuma wala hakukitaka tangu mwanzo. Angekaa mle aongee na nani, na kuta? Kwake napo ni hivyo hivyo. Bora kwa mzazi mwenzangu, akasema, angalau nitapata mtu wa kubishana naye, akikumbuka.

Binti akamkumbatia. Mkwe akamkumbatia. Mjukuu akauliza sasa chumba cha nyuma atakaa nani. Baba yake akasema hapo ataweka ile baiskeli yake ya mazoezi, ile isiyokwenda popote.

Ningesema nini? Kwamba nilikuwa naigiza? Mbele ya binti aliyelia, na mlinzi amesimama pale na toroli lake? Nikasema asante mzazi mwenzangu, Mungu akuzidishie.

Sasa tumo garini. Mkwe anaiuliza simu barabara. Bi Hariri ameniuliza jikoni kwangu jua linaingia upande gani, na kama nina sufuria za kutosha, maana amesikia moja imepotea. Ameshapanga kitanda chake kitakaa wapi. Ananipanga mpaka na mimi.

Nimekaa nimewaza. Ukitazama vizuri, nimeshinda. Chumba hakukipata. Kilichobaki ni kumtoa kwangu, na hilo dogo. Nimeshapata njia. Tukifika tu napona, na sitamwachia ashike hata ufagio. Chai nitamkorogea. Maji nitambebea. Nitamkalisha, nitamfunika, nitamlisha, mpaka siku moja binti atakuja kutusalimia, amwone hawezi hata kuinuka, amhurumie, amchukue.

Nimeanza tayari. Kiti cha mbele nimemwachia yeye.