Jaji wa Chumba cha Kufulia

Jumanne, 4 Machi 2025

Habari njema. Mjumbe mmoja wa mahakama amehamia kaskazini, na chama chetu kinatafuta wa kuziba nafasi yake. Nämndeman, ndivyo wanavyomwita hapa kwa Kiswidi. Raia wa kawaida anayependekezwa na chama, anakaa kando ya hakimu na kupiga kura, kama mzee wa baraza kule Tanzania.

Raia wa kawaida. Mimi kwetu nilikuwa diwani katika mji wa Ngozi, kisha jaji wa serikali. Joho langu lilikuwa na mtu wake wa kulipiga pasi. Sasa naosha masufuria katika shule moja ya Bredäng, na watoto wananiita Ludde. Ludovic ni refu mno kwao.

Nimempigia simu Alma, katibu wa tawi. Akasema wanataka mtu anayejua kusuluhisha watu. Nikamwambia jengo letu zima hapa Norsborg linanitegemea kwa kazi hiyo, na Jumamosi nina shauri katika ukumbi wa jengo, aje ajionee. Amekubali.

Tatizo moja tu. Jengoni hakuna ugomvi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeupata. Katika jiji hili mtu anaweza kukusamehe yote isipokuwa kumwingilia zamu yake ya kufua.

Leo jioni zamu ilikuwa ya Magdalene, Mkenya wa ghorofa ya pili, mjane, mtu wa utaratibu. Zamu inayofuata ni ya Jean-Bosco, dereva wa basi kutoka Bukavu. Kikapu chake cha mashati tayari kilikuwa mlangoni pa chumba cha kufulia cha jengo. Nikashuka. Nikatoa nguo za Magdalene mbichi mbichi, nikazirundika mezani. Nikatia mashati ya Jean-Bosco mashineni. Nikabonyeza. Nikapanda ngazi kimyakimya.

Kesho patawaka moto. Keshokutwa nitauzima mbele ya Alma.

Ijumaa, 7 Machi

Hapajawaka chochote.

Magdalene alidhani Jean-Bosco ana haraka ya kazi. Akamkaushia mashati, akayakunja, akampelekea mlangoni. Jean-Bosco akaona haya, akamkaribisha chai. Mchana nimewakuta wamesimama kwenye ngazi wakicheka. Jean-Bosco anamwambia "merci, mama", mwenzake anamwambia karibu tena.

Nimelazimika kusaidia. Nilimwendea Magdalene, nikamnong'oneza kwamba Jean-Bosco analalamika mashati yananuka sabuni ya bei rahisi. Kisha nikamwendea Jean-Bosco, nikamwambia Magdalene anasema kola zake zilimtia kichefuchefu. Wote wawili walitikisa kichwa. Kwa hasira, nadhani. Nikawaalika ukumbini kesho. Wakasema watakuja bila kukosa.

Mama Natacha, mke wangu, ananitazama kwa jicho ambalo sijalipenda. Nimemwambia ni mambo ya sheria.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika haraka kabla hasira haijapoa.

Ukumbi ulijaa. Alma alikaa mbele. Kwa kuwa hajui Kiswahili, binti yangu Natacha aliketi pembeni yake kumtafsiria. Nilivaa suti ya kijivu. Nikafungua shauri kwa maneno machache kuhusu haki.

Magdalene akanyanyua mkono. Akasema kwa heshima zote, Mheshimiwa, leo huwezi kuongoza, maana wewe ni mhusika. Akapendekeza Gaudiosa, kiongozi wa kwaya yetu. Watu wakapiga makofi. Nikaonyeshwa kiti upande wa pili.

Miaka yote ile mahakamani sikuwahi kukaa upande huo. Kutoka pale kila mtu anaonekana mrefu.

Gaudiosa hakupaza sauti. Alitoa kwenye mfuko kadi ya plastiki. "Mheshimiwa, hii imekutwa mashineni katikati ya mashati ya Jean-Bosco. Picha imefifia, lakini pua tunaifahamu. Ni ya nani?"

Ilikuwa kadi yangu ya kazini. Imeandikwa Ludde kwa herufi kubwa.

Nikasema naomba kwanza kushauriana na wakili wangu. Gaudiosa akauliza wakili wangu ni nani. Nikamtazama Mama Natacha. Mama Natacha akatazama dirisha.

Nikainama kwa Natacha, nikamwambia taratibu amtafsirie Alma kwamba lilikuwa jaribio la kupima uvumilivu wa wakazi. Mtoto akatafsiri. Kisha, kwa Kiswidi hichohicho, akaongeza kwamba baba ndiye aliyemwomba aseme hivyo.

Jean-Bosco akasimama, akaeleza yale ya sabuni na kola. Kumbe jana hiyohiyo walikaa wakalinganisha maneno yangu, wakacheka mpaka chai ikapoa. Gaudiosa akawauliza wanataka nini. Magdalene akasema hataki mzee adhalilishwe, anataka tu aombe radhi kama mtu, asihutubie.

Nikasimama. Nikasema samahani. Nilikuwa na sentensi nyingine tatu tayari, lakini nikakaa chini. Jean-Bosco akaja akanishika mkono na kuniuliza kama nimekula.

Hukumu: nitasafisha vichujio vya mashine mpaka Pasaka.

Alma akamfuata Gaudiosa na kumuuliza kama ni mwanachama. Ni mwanachama.

Jumapili, 9 Machi

Sikuimba kanisani. Gaudiosa aliimba sana.

Nimemweleza Mama Natacha kwamba shauri lile lina dosari: mshtakiwa hakupewa taarifa mapema, na shahidi mkuu ni kadi. Akasema, "Baba Natacha, kula." Natacha akasema pappa, sluta, yaani baba, acha. Lakini aliniongezea mchuzi bila kuombwa. Nimeliona hilo.

Jumatano, 12 Machi

Vichujio vya mashine vina mavumbi ya ajabu. Jean-Bosco na Magdalene wamenikuta nikivikwangua. Wananialika Jumapili kwa chakula, wawili pamoja. Haya ni matunda ya kazi yangu, ingawa hakuna aliyelisema.

Alma amepiga simu. Gaudiosa amependekezwa rasmi. Nikampongeza kwa sauti iliyonyooka. Kisha Alma, kwa wema wake, akataja kwamba katika kamati ya wazee ya manispaa kuna kiti cha akiba. Wanamtaka mtu anayesaidia wazee wa jirani kila siku.

Ghorofa ya sita anakaa Mzee Yahya. Ana miaka themanini na hajawahi kuhitaji msaada wangu. Hushuka na kupanda na mizigo yake mwenyewe, kwa kuwa lifti inafanya kazi.

Nimeiangalia lifti leo jioni. Ina waya mmoja tu wa maana.