Kuponywa Baada ya Kuungama

Mwalimu Enoka Malale (mstaafu),
Kabungu,
Wilaya ya Tanganyika.

Mganga Mfawidhi,
Hospitali ya Mkoa,
Mpanda.

Ndugu Mganga Mfawidhi,

YAH: KUPONYWA BILA KUSHAURIWA

Naomba usome barua hii ukiwa umekaa, kama nami ninavyoiandika, kwa sababu nina miaka themanini na moja. Nililazwa kwenu siku tisa, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, kwa nimonia. Niliingia nimebebwa, nikatoka natembea. Hapo ndipo lilipo lalamiko langu.

Ili unielewe, inabidi nikuungamie na wewe. Januari 1999 niliugua malaria kali, nikapewa kwinini, masikio yakaziba. Wakati huo shemeji yangu Lucia alikuwa amekuja kututembelea, na alikuwa na kisa kirefu cha ng'ombe wake aliyepotea. Kwa siku tatu sikusikia kitu, nikapumzika kama sijawahi kupumzika. Siku ya nne masikio yakafunguka, Lucia bado yupo, ng'ombe bado hajapatikana. Nikaona si lazima nitangaze. Nilikusudia kukaa hivyo mpaka mgeni aondoke. Nimekaa miaka ishirini na sita.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sufuria. Siku yangu ya saba kwenu, mdogo wangu Telesphor wa Sibwesa, ambaye huwa namwona kwenye misiba tu, aliingia wodini saa za kuona wagonjwa akiwa amebeba sufuria ya kupikia watu mia. Mkamruhusu. Hakuna aliyeniambia kwamba ameiazima mjini kwa ajili ya harusi ya binti yake na alipita kunisalimu tu. Mtu mwenye nimonia akiona sufuria ile imewekwa miguuni pake, afikiri nini? Mimi ni msomi, nikafikiri kwa utaratibu: nakufa, na wali umeshapangwa.

2. Muuguzi Capitoline. Huyu alinigeuza ubavu, akanifuta uso, akaniita "babu yangu" kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mama yangu afariki. Upole wa namna hiyo unamtisha mgonjwa. Nikajua na yeye anajua. Nikamwomba awatoe watu wote, abaki mke wangu Mariana peke yake. Sikutaka kwenda mbele ya Mungu na uongo wa masikio.

Nikamshika mkono. "Mama Yotham," nikamwambia, "nimekuwa nasikia."

"Tangu lini?"

"Tangu kwinini."

Akautoa mkono wake mkononi mwangu. Kisha akauliza, "Hata siku ya bata?"

Nikakiri, hata siku ya bata. Hiyo ni habari ya ndani ya ndoa na haihusu hospitali. Akainuka, akakung'uta kanga yake, akaondoka. Mimi nikafumba macho kungoja kufa, roho nyeupe kama chaki.

3. Daktari Odeta. Kesho yake asubuhi alinipima kifua, akasema mapafu yamefunguka. Nikamwomba asikilize tena. Akasikiliza tena, akacheka, akasema nitazika wengi. Nikamweleza kwamba nimeshaungama, na mtu aliyeungama namna ile harudi tena nyumbani. Akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa aongezewe uji.

4. Oksijeni. Mashine yenu haikusimama hata mara moja. Hata umeme ulipokatika, jenereta iliunguruma kabla sijapata nafasi yoyote. Naomba kujua ni nani aliyeitia mafuta siku ile, ili nimlalamikie kwa jina.

5. Nyumbani. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Leo ni siku ya kumi na tisa Mariana hajanisemesha. Ameamua kwamba kama nilitaka uziwi, basi niupate wote. Ugali ananionyesha kwa kidole. Muda wa vidonge ukifika anagonga meza. Lucia akija kumtembelea wanahamia kuongea nyuma ya zizi, na mimi kwa mwendo wangu nikifika huko wameshamaliza.

Hujui nilichopoteza, Ndugu Mganga. Miaka yote hiyo alikuwa akibangua karanga karibu na kiti changu na kuongea kama vile yuko peke yake. Alinisema kwamba nakula kama naiwahi treni. Aliimba. Siku moja alimwambia jirani, "Mzee wangu hasikii, lakini Kabungu nzima hakuna mwanaume anayetembea vizuri kama yeye." Maneno hayo hakuna mke anayemwambia mumewe usoni. Kwa ajili ya Lucia nilikuwa kiziwi wiki mbili. Miaka iliyobaki ilikuwa kwa ajili ya sauti ile. Sasa nyumba imekuwa kimya kama darasa wakati wa likizo, na masikio yangu mazima hayana kazi.

Kwa hiyo naomba moja kati ya haya. Kwanza, cheti chenye muhuri kwamba niliyoyasema yalikuwa ya homa. Hilo likishindikana, cheti kwamba dawa zenu zimeniziba masikio, safari hii kweli. Na hilo nalo likishindikana, nirudishiwe kitanda changu cha dirishani nikamilishe nilichoanza. Shuka nitakuja nalo.

Nisalimie Daktari Odeta, Capitoline, wagonjwa wote wa wodi ile, na mlinzi wa getini aliyenipandisha kwenye bajaji huku nikimsihi asinisaidie.

Wako katika afya nisiyoiomba,

Enoka Malale

Nyongeza: Barua hii ilikuwa mezani ikingoja mtu wa kuileta mjini, Mariana akaisoma. Alipomaliza namba tano alikuja akasimama mbele ya kiti changu, akasema, "Sasa sikiliza." Akaanzia Januari 1999. Anaongea akipika, anaongea akifagia, na mengine ni matusi ambayo sikujua kwamba anayajua. Leo ni siku ya tatu, na tumefika Machi ya mwaka uleule. Nimepiga hesabu: kwa mwendo huu nahitaji mwaka mmoja na miezi minne, na Lucia ametuma salamu kwamba naye anakuja na ya kwake. Basi futa malalamiko yote, na umwombe Daktari Odeta anipangie kliniki ya karibu kabisa. Nimeanza kukohoa kidogo, na kwa sasa sina nafasi ya kufa.