Mjane Mwenye Mume

Jumatatu, 3 Juni

Maktaba imetangaza maonyesho ya picha. Itakayoshinda itatundikwa mlangoni mwaka mzima. Miaka kumi na moja napiga watu picha za pasipoti na kuwakataza kutabasamu. Sasa ni zamu yangu.

Mpinzani ni mmoja tu: Miwani, mwenye studio ng'ambo ya barabara. Huyu picha zake hazipi majina. Leo kaniambia, kwa ile sauti yake ya upole inayonikera, kwamba mtazamaji ana macho yake, aachwe aone mwenyewe. Nikamuuliza mwanawe anamwitaje, au naye kamwacha watu waone wenyewe. Akacheka tu. Hana jibu!

Jumatano, 5 Juni

Nimechagua picha. Shangazi, aliyenilea tangu nina miaka sita, ameketi kizingitini, kiganja shavuni, macho mbali. Nilimpiga picha hiyo mwezi uliopita bila yeye kujua. Nzuri, ila imenyamaza mno. Nimeshinda nikiitafutia jina. "Subira." Fupi. "Subira Nyingi." Bado. Saa kumi likaja lenyewe: "Mjane Akimngoja Asiyerudi."

Mke wangu akauliza mjane ni nani. Nikamweleza kwamba hiyo ni sanaa. Akasema mume wa shangazi alikuwa hapa Jumamosi akitutengenezea bomba, na chai alikunywa vikombe viwili. Mke wangu ni mtu mwema, ila sanaa imempita kando.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepeleka picha. Mkutubi kalalamika kwamba kadi ina nafasi ya mstari mmoja. Nikaandika kwa herufi ndogo.

Miwani kaleta picha ya ngazi ya jengo bovu, na kiatu kimoja cha mtoto kwenye kidato cha juu kabisa. Kadi yake tupu. Nikapata wazo. Mkutubi alipokwenda kula, niliijaza kadi ile kwa jina la kijinga kuliko yote niliyoweza kubuni: "Mmoja Ametangulia." Watu watamcheka hadi ahame mtaa. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Ijumaa, 7 Juni

Maonyesho yamefunguliwa. Fundi cherehani anayepakana na shangazi kaisoma kadi yangu, katoa leso, kalia. Nikaona mambo yanakwenda. Akatoka mbio, nikadhani anakwenda kuwaita wenzake waje waone.

Kumbe alikwenda kwa shangazi kutoa pole, na wanawake sita nyuma yake. Mlango kawafungulia marehemu mwenyewe, spana mkononi. Mmoja alikaa chini palepale.

Saa tisa shangazi akaingia ukumbini, mumewe nyuma yake. Alisimama mbele ya picha, akaisoma kadi. Nikamweleza kwamba jina la picha si lazima liwe la kweli. Nikataja sanaa mara tatu.

"Siku hiyo jino lilikuwa linaniua," akasema. "Uliniambia unafuata gari tuende kwa daktari. Nilikuwa nakungoja wewe."

Ni kweli niliondoka kufuata gari. Ila niligeuka nikaona mwanga ulivyomwangukia, nikakimbilia kamera, kisha nikakimbilia studio kuisafisha picha. Gari likanitoka akilini. Mumewe alitazama viatu vyangu tu. Nimejisikia vibaya hadi kama saa kumi na mbili.

Jumamosi, 8 Juni

Jaji kasimama mbele ya picha yangu akasema uso wa yule mama unasema kila kitu, ila jina linamkatiza maneno. Jaji huyu macho yake yana kasoro.

Kisha akaisoma "Mmoja Ametangulia" kwa sauti. Mkutubi akapenga kamasi. Jaji akasema bila jina lile picha ni ngazi na kiatu tu, na kwa jina lile haitamtoka moyoni. Ushindi kwa Miwani!

Miwani akasema si yeye aliyeandika, wala hajui ni nani. Jaji akausifu unyenyekevu wake. Nikasimama kudai haki yangu. Nikiwa nimeshasimama nikatambua kwamba kudai ni kukiri. Watu wote wakaniangalia. Nikapiga makofi. Ukumbi mzima ukasimama, ukapiga nami.

Jumatatu, 10 Juni

Shangazi kanisamehe kwa masharti mawili: kadi ing'olewe, na leo nimpeleke kwa daktari wa meno, nimshike mkono hadi ndani, maana anaogopa sindano. Niliapa. Kadi nimeing'oa. Gari nimelileta mapema, kamera nimeiacha nyumbani makusudi. Mtu hubadilika.

Chumba cha kungojea kina viti vinne, na ukutani picha kubwa ya mlima na ziwa. Haina jina. Haina hata kadi! Watu wenye maumivu wanaitazama kutwa bila mtu wa kuwaelekeza. Nikatoa kalamu. Muuguzi alipomwita shangazi, nikamwambia aingie, nakuja sasa hivi.

Katoka shavu limevimba kama mpira. Hawezi kusema, afadhali. Alinitazama, akautazama ukuta, akaondoka kwa miguu.

Nimeandika mistari mitatu. Ukuta una nafasi kuliko kadi, na safari hii nimetia sahihi.