Ubeti wa Pentekoste

Bwera, Jumatatu, 2 Juni 2014
Malaria imeniacha hai, lakini imeondoka na ubeti wangu! Wiki tatu nilizolala, Tefiro, mwalimu wetu wa kwaya, alimpa Blandine ubeti ambao mimi huuimba peke yangu kila Pentekoste. Blandine! Rafiki yangu wa dhati, muuza vitenge kutoka Butembo, ambaye huvuta pumzi katikati ya neno! Nilimweleza Tefiro kwamba nimepona. Akasema nipumzike, mama mwalimu, kuimba si kusahihisha mitihani. Nina shahada, najua kwamba kuachilia ni fadhila. Sina hakika kama ni fadhila yangu.

Jumanne, 3 Juni
Mpango. Hapa kwetu rafiki wa kweli huhamia kwa mgonjwa: humpikia, humfulia, hulala chumbani mwake. Homa yangu ikirudi leo, Blandine atakosa mazoezi yote, nami nitapona Jumapili alfajiri. Je, ni hila? Naiona zaidi kama marekebisho.
Saa kumi nilituma habari kwamba nimezidiwa. Saa kumi na moja aliteremka kwenye bodaboda, sufuria mapajani, godoro limefungwa nyuma. “Usiogope, mama. Miye niko hapa, siendi fasi yoyote.”

Jumatano, 4 Juni
Nimelishwa uji mara nne. Sina njaa, nina hasira. Anafanya mazoezi humu humu! Anaimba akikoroga uji, anaimba akisuuza shuka zangu, na kila mara neno “Roho” analikata vipande viwili. Nilivumilia mara kumi na moja. Ya kumi na mbili niliketi nikamwonyesha: pumzi hushikwa chini ya mbavu, huachiwa mwisho wa mstari. Alishangaa kusikia sauti kubwa namna ile kwa mgonjwa. Nikakohoa. Akasema hata kwao homa hupandisha watu sauti.

Alhamisi, 5 Juni
Amejirekebisha! Hasira tupu. Kisha, sijui kwa nini, nikamfundisha na noti ya juu.

Ijumaa, 6 Juni
Kwaya nzima imekuja kuniona. Na ili Blandine asikose mazoezi, Tefiro ameyafanyia sebuleni kwangu! Baadaye akaja Padri na mafuta ya wagonjwa. Aliniuliza kama kuna jambo linaloulemea moyo wangu. Nilitafakari kwa unyofu, nikajibu kwamba ni mgongo tu.

Jumapili, 8 Juni
Nilipona alfajiri, kama ilivyopangwa. Mlangoni mwa kanisa Blandine alinishika mikono yote miwili mbele ya wenzetu: “Mwenye wimbo amepona! Chukua ubeti yako, mama.” Ushindi! Lakini mama yangu alinilea nisipokee kitu kabla ya kusihiwa mara tatu. Nikakataa. Akanisihi. Nikakataa tena, kwa upole zaidi, nikiwa tayari nimesafisha koo. Akanikumbatia, akasema niko na moyo mukubwa, akaingia akauimba.
Aliuimba vizuri. Hakuna pumzi iliyopotea. Zote nilimpa mimi! Nililia hadharani. Tefiro alinong'ona kwamba hajawahi kuona mtu akimfurahia rafiki yake kiasi hicho. Huenda hakukosea kabisa. Kwenye ile noti ya juu niliguswa na kitu ambacho bado sijakichunguza.

Jumatatu, 9 Juni
Nimechunguza. Blandine ameondoka na godoro lake, ameniachia sufuria ya maharage na shuka zilizokunjwa. Namwonea haya kidogo. Kosa langu, nadhani, halikuwa hila bali hesabu: nilikataa mara mbili, ilhali moja ingetosha. Nimeamua kuachilia kabisa.
Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, ambayo nayo ina ubeti wa mtu mmoja, ni tarehe 15 Agosti. Kikohozi kikianza tarehe tisa, muda utatosha. Safari hii nitasema kwamba nyimbo zinaniumiza kichwa.