Viungo Vilivyokufa vya Mwongozo wa Saa

Jumatatu, 3 Mei 1999
Garsen. Mvua. Mzee Galma, mkuu wa mradi wetu wa chanjo ya mifugo, kaniita. Eti mwongozo wangu wa kulinganisha saa za kompyuta umeoza! Nusu ya viungo vyake, ukibonyeza, vinakupeleka kwenye kurasa za mtandao ambazo hazipo tena. Nivipitie kimoja kimoja kabla ya chanjo ya Alhamisi. Barwako, karani mwenzangu, akajitolea kunisaidia. Nikakataa. Najua anaitaka nafasi ya mafunzo Mombasa. Nafasi ni yangu.

Jumanne, 4 Mei
Laini ya simu inakohoa. Ukurasa mmoja huchukua muda wa kuivisha maharagwe, kisha kumbe umekufa. Barwako ananitazama huku akimenya chungwa.

Alasiri. Wazo! Ukurasa mmoja umefunguka, una saa kubwa, maridadi. Nimevielekeza viungo vyote huko. Vyote! Mzee Galma kajaribu viwili, karidhika. Barwako kauliza saa ile ni ya nchi gani. Wivu tu. Nimeutuma mwongozo kwa Dida, mtu wetu wa Madogo, airekebishe saa ya kompyuta yake.

Jumatano, 5 Mei
Kila adhuhuri kompyuta ya Dida hulia, naye hufungua redio tuzungumze. Leo kimya. Simu ya Madogo nayo imekatika. Nikasema ni mvua. Saa kumi tukafunga ofisi.

Alhamisi, 6 Mei
Balaa! Lori la chanjo liko Madogo. Haling'oki mpaka tuwaambie redioni kwamba barabara inapitika. Adhuhuri, kimya tena. Uwanja umejaa ng'ombe. Mama Tadicha, aliyeswaga kundi lake kwenye tope kutoka mbali, kaingia ofisini na fimbo. Nikamweleza kuna hitilafu ndogo ya kompyuta.

"Ng'ombe yangu haijui kompyuta," akasema. "Iko na njaa. Ndama moja imelala chini huko nje. Wewe utaibeba?"

Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini. Nikambeba ndama hadi kivulini. Akanikojolea suruali.

Jua likizama, Dida huyo redioni, mchangamfu, anatutakia mchana mwema! Barwako akamwuliza kama haoni giza. Dida akajibu alidhani ni mawingu. Tena, akasema, mwongozo unaagiza tuiamini saa ya ukurasa. Amekunywa chai ya asubuhi mara mbili, kwa utiifu. Saa ile ni ya ng'ambo ya bahari, huko ndiyo kwanza adhuhuri. Wote wakanigeukia.

Ijumaa, 7 Mei
Lori limefika. Ng'ombe wamechanjwa, ndama kasimama. Nikamwomba Mama Tadicha radhi mbele ya watu. Akasema amenisamehe, ila kompyuta bado. Barwako kawaandikia wenye kurasa, kajua zilikohamia, kavifufua viungo. Mombasa anaenda yeye. Roho iliniuma. Nikampongeza, kidogo.

Jumatatu, 10 Mei
Barwako kaondoka. Mzee Galma ameniagiza nivikague viungo kila mwezi, na chini ya kila kimoja niandike lini nimekikagua. Kazi ya mwaka mzima! Nimeimaliza kabla ya chai. Kimekaguliwa Juni, kizima. Kimekaguliwa Julai, kizima. Agosti, kizima. Nimefika hadi Desemba bila kiungo hata kimoja kufa. Sijui Barwako alikuwa akihangaikia nini.