Ombi la Kuwapokea Bakteria wa Bwawa la Tatu Katika Ukoo Wetu

Chumba cha nyuma,
kando ya magunia ya pumba.
Alhamisi jioni.

Kwa Shangazi,
Mmiliki na Mkaguzi Mkuu wa Mabwawa Manne.

YAH: UPENDELEO KWA BAKTERIA, NA OMBI LA KUWAPA HAKI ZAO

Shangazi yangu mpendwa, shikamoo.

Naandika kwa sababu nikitaka kusema mezani wewe huniambia, "Kamusi, funga kurasa zako ule." Karatasi haina chakula cha kupoa, kwa hiyo humu nitasema yote.

Huu ni mwaka wa pili tangu Baba anilete kwako nisome shule ya karibu, na sijawahi kulalamika. Lakini wiki tatu zilizopita waliingia wageni katika bwawa la tatu, wadogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Nimeshuhudia kwa uchungu wakitunzwa kuliko mimi, mtoto wa kaka yako wa tumbo moja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Miguu. Mimi siingii sebuleni bila kunawa miguu. Hata ukiwa jikoni, mlango ukilia tu unapaza sauti, "Miguu! Miguu hiyo!" Bwana Samaki mwenyewe, afisa mzima wa uvuvi mwenye mkoba na kalamu mbili, ulimvua viatu. Lakini wavu wa kuvulia hutoka bwawa la tatu ukichuruzika maji na ute, ukaingia bwawa la pili papo hapo, haujaoshwa wala kuanikwa. Bwana Samaki alipouliza kama kila bwawa lina wavu wake, ulicheka: "Kwani humu kila mtoto ana sahani yake?" Nakubali kwamba bakteria hawana miguu ya kunawa. Ndiyo maana wamepewa usafiri.

2. Malazi. Bwawa la tatu lilichimbwa kwa perege mia tano. Wewe umetia mia tisa. Mlinzi alipokuna kichwa ulimwambia, "Samaki hahitaji kiti." Ni kweli. Ila wamebanana hadi wanakwanguana magamba, na kila mkwaruzo ni mlango uliofunguliwa kwa mgeni. Mimi nalala na magunia sita. Nilipoomba moja lihamishwe niliambiwa nijikunje. Bakteria hawajawahi kuambiwa wajikunje.

3. Elimu. Hapa ndipo wivu unaponichoma hasa. Ulipougua kifua mwezi uliopita ulipewa dawa ya siku saba. Siku ya tatu ukaamka unaimba, ukasema, "Nimepona, nimmalizie nani?" Vidonge vilivyobaki ukavipasua na kuvikoroga kwenye chakula cha perege. Shangazi, samaki mgonjwa hali. Waliokula ni wale wazima, nao walipata chembe tu. Dawa kidogo huwaua bakteria wanyonge na kuwaacha vigogo, na vigogo huzaa vigogo. Umewafungulia shule ya kushinda dawa, tena bweni na chakula juu yako. Mimi kitabu cha biolojia nimekiomba tangu muhula uliopita.

4. Sifa. Perege walipoanza kuzunguka kama pia, macho yamewatoka, mlinzi aliita, "Mama, njoo uone haya!" Ukaja, ukashika kiuno, ukatazama kidogo. "Wanacheza. Wameshiba hao." Kesho yake asubuhi wachezaji arobaini walikuwa wanaelea tumbo juu, bila shaka kwa uchovu wa kushiba. Mimi nilipoleta alama tisini na nne za hesabu uliniuliza zile sita zimekwenda wapi.

5. Safari. Maiti wote arobaini ulimwamuru mlinzi awatupe mtoni, "warudi kwao." Kwao wapi? Walizaliwa kwenye beseni la plastiki. Juzi nilikwenda pale kwenye mawe kuhesabu perege wa mtoni, kama nifanyavyo kila wiki, nikaona wanne wana vidonda vyekundu ubavuni. Nilipokuonyesha daftari ulijibu bila kuligusa: "Ugonjwa umetoka mtoni, urudi mtoni. Samaki wa mwituni hawana adabu."

Kwa jibu hilo, Shangazi, niruhusu nikose adabu kidogo na mimi. Nimesoma vitabu viwili na nusu juu ya magonjwa ya samaki. Sijakuta hata ukurasa mmoja unaosimulia samaki aliyepanda ukingo wa mto, akavuka njia ya baiskeli, akapita chini ya uzio na kujitosa katika bwawa la mtu. Samaki wa mtoni hana wavu, hana vidonge, hana hata ufunguo wa geti letu. Kumsingizia kiumbe asiyeweza kujibu ni kazi rahisi, ndiyo maana inapendwa na watu wasiosoma.

6. Sherehe ya kuwaaga. Umetangaza kwamba Jumamosi utafungua bomba la bwawa la tatu, maji yote yaende mtoni, uanze upya. Bwana Samaki aliondoka na perege watano kwenye barafu wakapimwe, na majibu yatatoka Jumatatu. Alisema, nami nilikuwa nimemshikia mkoba, kwamba maji yasitoke hata ndoo moja, waliokufa wafukiwe kwa chokaa, na wavu ukae juani. Hajafika hata getini ukasema, "Yule hajafuga hata kuku." Yaani kati ya Jumamosi na Jumatatu kuna siku moja tu, na hiyo imekushinda kusubiri. Mto mzima utaambukizwa kwa sababu ya Jumapili.

Kutokana na hayo yote, naomba kwa unyenyekevu kwamba bakteria hawa wapewe jina la ukoo, maana hakuna ndugu aliyewahi kupokelewa hivi. Pia wapewe kiti katika kikao cha familia, karibu na feni. Na waandikwe warithi wa mabwawa yote manne, kwani kwa mwendo huu ndio watakaobakia kuyarithi. Kama nafasi itapatikana, mimi nihamishiwe bwawa la tatu, nami nionje kubembelezwa.

Nisalimie binamu zangu, nisalimie mlinzi na mgongo wake, nisalimie Bibi ukimpigia simu. Perege wa bwawa la kwanza, ambao bado wana afya, waambie nawaombea.

Mimi mtoto wa kaka yako, mwenye miguu misafi,
Kamusi.

Tanbihi: Kuhusu yule samaki aliyevuka njia ya baiskeli. Yupo mmoja. Alivuka ndani ya ndoo yangu ya bluu. Ilikuwa Jumapili, wiki tatu zilizopita. Nilimkuta kwenye mawe, perege mdogo mwenye kidonda ubavuni, wenzake wanamdonoa. Nikamhurumia, nikamtia bwawa la tatu apone. Ukurasa unaosema samaki mgeni atengwe kwanza wiki mbili niliufikia Jumanne iliyofuata. Kwa hiyo ulisema kweli, Shangazi. Ugonjwa ulitoka mtoni, na aliyeukaribisha ni msomi wa vitabu viwili na nusu. Nimejaribu kukuambia mezani mara nne. Mara zote uliniambia nile, nami nikala, kwa sababu kula kulikuwa rahisi zaidi. Ndoo nimeiosha kwa dawa, wavu nimeuanika bila ruhusa yako, na adhabu yoyote nitaipokea. Lakini bomba usilifungue. Wale waliobaki kwenye mawe hawakunituma nimlete mwenzao.