Siri ya Daraja la Kwanza

Umma unatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu, siri ya raia yeyote ambayo haijasajiliwa serikalini itahesabiwa kuwa haina ulinzi, na mwenye nayo atakuwa anaitunza kwa hatari yake mwenyewe.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa Idara ya Ulinzi wa Siri za Raia, likabandikwa dirishani, kisha chooni, kwa sababu Mkurugenzi alitaka liwafikie watu mahali walipo. Mkurugenzi alikuwa mtu wa kwenda na wakati. Kila siku saa moja asubuhi alisikiliza habari za teknolojia redioni huku akipiga mswaki, na alichokisikia saa moja, saa mbili na nusu kilikuwa waraka. Wiki ile mtangazaji alisema kwamba dunia nzima siri za watu zinaibwa kwenye simu na kompyuta. Mkurugenzi akatema povu, akapata wazo. Huwezi kulinda kitu usichokijua. Kwa hiyo kila raia alete siri yake, iandikwe, ipigwe mhuri, ilindwe. Wazo lilikuwa wazi kiasi kwamba hakuna aliyeuliza swali.

Kazi ya kuzipokea siri alipewa karani wa dirisha la tatu, mwanamke wa miaka thelathini na minne mwenye mwandiko mzuri na subira ya ajabu. Masharti yalikuwa mepesi: kitambulisho, picha mbili ndogo, na cheti halisi cha elimu.

"Cheti cha nini, dada? Mimi nimeleta siri tu."

"Ni utaratibu."

Hata yeye hakujua cheti kilikuwa cha nini. Katika idara ile kila kitu kilihitaji cheti halisi cha elimu, pamoja na kuazima ufunguo wa stoo.

Kanuni ya nane ilitaka siri ikishaandikwa isomwe kwa sauti ya kusikika, ili mwenyewe athibitishe kuwa haikukosewa. Karani akawa anasoma.

"'Mimi, kinyozi wa pale kona ya soko, ile mashine mpya niliyoitangaza si mpya. Ni ileile ya zamani, nimeivalisha ganda jipya.' Ni sahihi?"

"Sahihi, dada," kinyozi alinong'ona.

Katikati ya foleni mzee mmoja alijipapasa kisogo. "Kumbe! Ndiyo maana!"

Foleni ilikuwa ndefu, na watu walipokaa muda mrefu walianza kutoa maoni yao kuhusu mambo ya kisasa. Mwenye duka la vitambaa alisema simu yake inamsikiliza. "Juzi nimesema tu godoro limebonyea. Sijafunga mdomo, matangazo ya magodoro hayoo, yamenijaa kwenye simu."

"Afadhali wewe una kitu kinachokusikiliza," alidakia mama mmoja aliyeshika bahasha. "Mimi namwambia mume wangu habari ya godoro mwaka wa tatu huu."

Watu wakavunjika mbavu. Kinyozi, ambaye sasa hakuwa na la kupoteza, alisema yeye ameziba kamera ya simu kwa plasta. Si kwamba ana cha kuficha. Hapendi tu kutazamwa akiwa hana cha kuficha.

"Na yale masharti marefu unayoletewa kabla ya kufungua programu?" akauliza mwenye duka. "Nani anayasoma?"

"Nani ana muda huo? Unabonyeza Nakubali, maisha yanaendelea."

Hapo foleni nzima ilikubaliana, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Aliyenyamaza alikuwa karani peke yake nyuma ya kioo, kwa sababu yeye huyasoma. Alisoma masharti yote, karatasi za maelezo ndani ya pakiti za dawa, na maandishi madogo nyuma ya tikiti. Na hilo ndilo lililomletea matatizo, maana karani naye alikuwa na siri.

Kila Jumamosi aliaga nyumbani kwamba anakwenda kwa dada yake, na ni kweli alipita kwa dada yake, akaacha kikapu, akachukua mkoba wa vitabu na kwenda chuoni kusoma sheria. Huu ulikuwa mwaka wa tatu, na mtihani wa mwisho ulikuwa umebaki wiki mbili. Mtumishi wa idara haruhusiwi kusoma bila kibali cha maandishi cha Mkurugenzi. Akigundulika anafukuzwa siku hiyohiyo, na chuo kinamfuta. Kibali alikuwa ameshakiomba mara tatu. Mara zote tatu barua ilirudi na mstari mmoja kwa wino mwekundu: Karani asome nini zaidi ya foleni?

Basi wiki iliyofuata redio ikasema tena, na waraka ukatoka tena. Usajili wa karatasi umepitwa na wakati. Ijumaa utazinduliwa mtambo wa kompyuta, mbele ya Katibu Mkuu wa Wizara, na watumishi wote watasajili siri zao siku hiyo, wakianza na Mkurugenzi. Atakayetoa siri ya uongo atakwenda jela miaka miwili. Asiye na siri atahesabiwa kuwa anaificha.

Karani alichukua kanuni mpya, kurasa mia moja na kumi na mbili, akazisoma akiwa kazini, mezani kwa chakula na kituoni. Alipofika kifungu cha arobaini na moja, alikunja pembe ya ukurasa. Asubuhi yake akabisha hodi kwa Mkurugenzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Dirisha limefungwa?"

"Hapana, mzee. Nina wasiwasi na kifungu cha arobaini na moja. Mtu akimtaja mwenzake kwenye siri yake, huyo mwenzake anatumiwa ujumbe kwenye simu, na siri yenyewe imo ndani."

"Naam. Hiyo inaitwa ridhaa. Redio imesema huwezi kuweka habari za mtu bila ridhaa yake. Sasa ataridhiaje jambo asilolijua?"

"Lakini siri itakuwa imetoka, mzee."

"Itakuwa imetoka kwa utaratibu."

"Halafu asipojibu kwa dakika tatu, inahesabiwa kuwa amekubali. Na kifungu cha arobaini na mbili kinasema ridhaa hiyo ni sawa na kibali cha maandishi kwa kila kilichotajwa."

"Watu wana shughuli nyingi siku hizi. Tumewarahisishia." Mkurugenzi alimtazama kwa huruma. "Wewe, hizi kanuni umezisoma zote?"

"Zote, mzee."

"Ndiyo maana foleni yako haiendi."

Karani akarudi dirishani. Siri yake haikuweza kuandikwa bila kumtaja Mkurugenzi, maana kibali alichokosa ni chake, na uongo ulikuwa na jela. Aliogopa.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mstari wa mbele alikaa Katibu Mkuu, akafuatiwa na Mkuu wa Chuo Kikuu, kisha mtangazaji wa habari za teknolojia, ambaye Mkurugenzi alimwalika kwa barua ya mkono wake. Fundi wa mitambo alieleza kwamba kompyuta itaipima kila siri na kuipa daraja, kuanzia la tano hadi la kwanza. Ukutani litaonekana daraja tu. Siri itabaki ndani. Daraja la kwanza lina cheti chenye utepe wa dhahabu.

Kwa majaribio aliitwa kinyozi. Akaandika yale ya ganda la mashine. DARAJA LA PILI, ukuta ukasema, na watu wakampigia makofi.

Mkurugenzi akakunja mikono ya shati, akaandika kwamba huwa anakoroma.

DARAJA LA TANO. SIRI HAFIFU.

Mtu mmoja akakohoa. Mkurugenzi akaandika kwamba huficha karanga kwenye droo ya ofisi.

DARAJA LA TANO. INAJULIKANA TAYARI.

"Mkurugenzi," Katibu Mkuu alisema huku akicheka, "yaani kinyozi amekushinda?"

Shingo ya Mkurugenzi ilivimba. Karani, aliyesimama karibu na meza kupokea fomu, aliinama. "Mzee, ishia hapo. Kumbuka arobaini na moja."

"Rudi dirishani kwako!"

Mkurugenzi aliandika kwa kidole kimoja, dakika mbili nzima, ulimi nje. Masharti yalipotokea hakuyatupia jicho. Alibonyeza Nakubali kwa kishindo.

DARAJA LA KWANZA.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Utepe wa dhahabu ulikuwa bado unafungwa shingoni mwake simu ya Katibu Mkuu ilipolia mlio mfupi. Katibu Mkuu akaitazama, akaacha kucheka. Ikafuata ya Mkuu wa Chuo, ambaye alikuwa amesahau miwani. "Ndugu yangu, hebu nisomee," alimwambia jirani yake, mtangazaji. Na mtangazaji, kwa mazoea ya kazi, akasoma kwa sauti ileile ya saa moja asubuhi:

"'Umetajwa katika siri ya Mkurugenzi. Siri ni hii: sikumaliza chuo, nilitoka mwaka wa kwanza. Cheti changu alinichapia shemeji yangu kwenye mashine ya kadi za harusi, akaiga mhuri wa Mkuu wa Chuo. Cha Katibu Mkuu kilichapwa siku hiyohiyo. Kukubali, bonyeza moja. Kukataa, bonyeza mbili.'"

Kwa mara ya kwanza Mkurugenzi alisikia habari ambayo hakutaka kuitolea waraka. "Zima!" alimfokea fundi. "Zima mtambo!"

"Hauzimiki, mzee. Waraka wako umesema ulinzi wa siri usisimame hata dakika moja."

Ukumbi ukawa soko. Katibu Mkuu alikuwa amemkamata Mkurugenzi kola, Mkuu wa Chuo alikuwa amesimama juu ya kiti akidai mhuri wake, na shemeji alikuwa akipiga simu mfululizo kuuliza ametajwa kwa idhini ya nani. Kompyuta ilikuwa wazi, haina mtu. Karani alipiga moyo konde, akakaa.

"Nasoma sheria kila Jumamosi," aliandika, "ili niwe mwanasheria. Mkurugenzi hajanipa kibali, nami nakihitaji." Masharti yalipotokea aliyasoma, mstari kwa mstari. Kisha akakubali.

Mfukoni mwa Mkurugenzi simu ililia mlio mfupi. Alidhani ni shemeji. Hakuitoa.

Karani alikodolea macho saa ya ukutani. Dakika ya kwanza. Ya pili ilikwenda polepole kuliko miaka yote mitatu. Ya tatu ilipokwisha, mashine ya kuchapa ikaguna na kutoa karatasi moja: MHUSIKA AMEKUBALI. Chini yake ilikuwapo sahihi ya Mkurugenzi, ile ambayo mtambo uliitunza kwa ajili ya kuharakisha huduma. Karani aliikunja mara mbili, akaiweka kifuani, na machozi yakamtoka bila kumuaga.

Jumatatu dirisha la tatu lilifunguliwa kama kawaida. Foleni ilikuwa ndefu. Katikati yake, kati ya kinyozi na mwenye duka la vitambaa, alisimama Mkurugenzi bila tai, akiwa na bahasha. Hakuna aliyempisha. Zamu yake ilipofika aliinamia kioo.

"Nimekuja kufuta siri."

"Shikamoo, mzee. Kitambulisho?"

Akatoa.

"Picha mbili?"

Akatoa.

"Na cheti halisi cha elimu."

Mkurugenzi alichungulia ndani ya bahasha. "Cheti cha nini, dada?"

"Ni utaratibu, mzee," alisema karani, kwa upole wote aliokuwa nao. "Anayefuata!"

Aliyefuata baada ya mwenye duka alikuwa Katibu Mkuu, lakini alikuwa ameshatoka kwenye foleni.